Gari la Kisiwani ni Mashua

Katika hesabu ya watu iliyofanywa nchini Kenya mwezi Agosti 2019, kila kaya iliulizwa, pamoja na mengine, kama inamiliki motokaa. Majibu yakapangwa kaunti kwa kaunti, zote 47, na ni rahisi mno kwa afisa aliye mbali kuyasoma kama kipimo cha neema: penye magari pana maendeleo, pasipo magari pana dhiki.

Kipimo hicho hakimfai mkazi wa visiwa vya Lamu. Mji wa Lamu ulijengwa karne nyingi kabla ya motokaa kubuniwa, na vichochoro vyake vyatosha punda mwenye shehena na mtu anayejibanza ukutani kumpisha. Mwaka 2001 shirika la UNESCO liliuingiza mji huo katika urithi wa dunia. Mwenye mali na asiye nayo hutembea humo kwa miguu. Aliye na gari huliacha Mokowe, ng'ambo, akavuka kwa mashua kama wenziwe. Ashukaye kwa ndege hutua Manda, naye pia hutafuta boti. Pikipiki zimeingia kisiwani miaka ya karibuni, na makelele yake, lakini hazikupeleki Faza wala Kizingitini.

Msongamano wa magari wa Nairobi hatuuonei kijicho. Na dhana kwamba kila msafiri hutembelea magurudumu ingekuwa ya kuchekesha, lau isingeingia mifukoni mwa watu.

Sheria ya mwaka 1993 iliweka ushuru wa kutunza barabara, unaotozwa kwa kila lita ya petroli na dizeli. Mwezi Julai 2024 ulipandishwa kutoka shilingi 18 hadi 25. Pampu haiulizi kama mafuta yanatiwa katika basi la Thika au katika mashine ya mashua ya Siyu. Nahodha anunuaye lita 20 amekwisha kulipa shilingi 500 za barabara, kisha anaelekeza omo baharini, ambako hakuna lami wala shimo la kuzibwa. Mvuvi naye hulipa kila atokapo. Fedha hizo zimewekewa barabara. Ngazi za gati, taa zake na kina cha mkondo havimo. Waliopata kungoja maji yajae katika mkondo wa Mkanda hawahitaji kuelezwa zaidi.

Tutaambiwa kwamba unga na saruji ya mwananchi wa kisiwani hufika Mokowe kwa barabara. Ni kweli, na ndiyo sababu hatusemi ushuru ufutwe. Tunaloomba kwa wakuu wa Hazina na wa Wizara ya Uchukuzi ni kwamba sehemu ya ushuru unaolipwa na vyombo vya baharini itengwe kwa ajili ya magati na njia za maji, na kama sheria haitoi nafasi hiyo, Bunge liirekebishe. Wala isisemwe kwamba vyombo hivyo havijulikani, kwani mashua za abiria hupewa leseni. Lita zinazouziwa mabaharia zaweza kuhesabiwa papo hapo vituoni, Lamu na Mokowe, iwapo atapatikana afisa wa kuvuka kwenda kuuliza.