Zilipendwa katika Runinga: Njeo Iliyopita na Mashahidi Wake

Mada ya mhadhara huu niliipata Korogwe, katika mgahawa mmoja ambako mabasi yaendayo Arusha husimama ili abiria wapate chakula. Ilikuwa Jumapili mchana. Runinga iliyotundikwa juu ya kaunta ilikuwa ikionyesha kipindi cha zilipendwa, na mtangazaji, kijana mwenye sauti nzuri, akautambulisha wimbo wa Les Wanyika kuwa ni muziki wa majirani zetu wa Kenya. Mzee aliyekuwa akinywa chai karibu nami aliweka kikombe mezani. "Majirani gani?" akaiuliza runinga. "Hao ni vijana wa Tanga." Mhudumu, binti wa miaka ishirini hivi, akacheka: "Babu, huyo hakusikii." Mzee akamjibu: "Najua, mjukuu wangu. Nakwambia wewe."

Mzee yule alikuwa na haki, ingawa si haki yote. Ndugu wawili, Wilson na George Kinyonga, walipiga muziki na Jamhuri Jazz ya Tanga kabla ya kuhamia Arusha na hatimaye Nairobi, ambako mwaka 1971 waliasisi Simba Wanyika. Mwaka 1978 baadhi ya wanamuziki wa bendi hiyo walijitenga, wakaunda Les Wanyika, bendi iliyowachanganya Watanzania na Wakenya. Nyimbo zao zilitungwa na kurekodiwa Nairobi, na Wakenya wana kila sababu ya kuzihesabu kuwa ni zao. Basi nyimbo zilezile zina nyumba mbili, na katika kila nyumba zina jina lake: kwa Wakenya ni zilizopendwa, kwetu ni zilipendwa. Hoja yangu leo inaanzia katika tofauti hiyo ya silabi moja.

Wanafunzi wa isimu hupenda kuniambia kwamba umbo la Kenya ndilo sahihi na la kwetu ni kosa lililozoeleka. Tulichambue. Katika zi-li-zo-pendwa tuna kiambishi cha ngeli, kiambishi cha njeo iliyopita, kirejeshi -zo-, kisha shina katika kauli ya kutendwa. Kirejeshi kinaligeuza neno zima kuwa kivumishi cha nomino isiyotajwa: nyimbo zile ambazo zilipendwa. Ni umbo linalochagua. Linazitenga nyimbo fulani na nyingine ambazo hazikupata bahati hiyo. Zi-li-pendwa haina kirejeshi. Ni sentensi kamili, ina kiima na kiarifu, na mtu angeweza kuitamka mbele ya hakimu: zilipendwa. Umbo la Kenya linaainisha, la kwetu linashuhudia.

Je, sentensi inaweza kuwa nomino? Kiswahili hakijawahi kuona haya kufanya hivyo. Gazeti la Nipashe limeitwa kwa kitenzi kizima chenye mtendwa wake ndani. Shikamoo, salamu tunayoitoa kila asubuhi, asili yake ni kauli ya mtu anayesema kwamba anaishika miguu ya mkubwa wake. Na mwanzoni mwa miaka ya 1990 wanamuziki wakongwe wa Dar es Salaam walipounda bendi yao waliipa jina la Shikamoo Jazz, jina ambalo halikuhitaji maelezo kwa yeyote aliyelelewa hapa. Kwamba zilipendwa imekwisha kuwa nomino, ushahidi wake uko katika upatanisho. Watu husema "wimbo huu ni zilipendwa", kiambishi cha wingi kikibebeshwa kitu kimoja bila mtu kushtuka. Husema "niwekee zilipendwa moja". Husema kwa utani, "simu yako hiyo ni zilipendwa", au hata "mzee yule sasa ni zilipendwa", na hapo ngeli ya awali imesahaulika kabisa. Mwaka 2017 wasanii wa WCB Wasafi, Diamond Platnumz na wenzake, walitoa wimbo kwa jina hilihili, na vijana ambao hawajawahi kushika sahani ya santuri waliuelewa mara moja.

Nimeulizwa mara nyingi jina la Kiswahili la hisia inayowafanya watu wakae mbele ya vipindi hivi. Katika lugha za Ulaya jina lipo, na lina tarehe ya kuzaliwa: mwaka 1688 tabibu Johannes Hofer, katika tasnifu yake huko Basel, aliunganisha maneno mawili ya Kigiriki, la kurudi nyumbani na la maumivu, ili kuita maradhi ya watu waliodhoofu kwa kuwa mbali na kwao. Sisi tuna hamu, lakini hamu hutazamia kitu kinachoweza kupatikana. Tuna ukiwa, lakini huo ni wa nyumba iliyobaki bila watu. Tuna majonzi, lakini hayachezeki, na zilipendwa huchezwa. Naona Kiswahili kimepita njia nyingine. Hakikuyapa jina maradhi ya anayekumbuka, bali kimekipa jina kitu kinachokumbukwa, tena kwa kauli ya kutendwa, bila kusema ni nani aliyependa. Nafasi hiyo iliyo wazi hujazwa na kila anayesikiliza.

Hapa ndipo runinga inapoingia, na inapoingia kwa namna ya ajabu kidogo. Huko Uingereza, BBC ilipotangaza mwaka 2000 mfululizo wake juu ya miaka ya sabini, na kituo cha VH1 cha Marekani kilipoiga mtindo huo mwaka 2002 kwa miaka ya themanini, watengenezaji walikuwa na maghala ya picha. Runinga ilikuwa ikijikumbuka yenyewe. Tanzania Bara haikuwa na runinga katika miaka hiyo. Zanzibar ilikuwa nayo tangu 1973, lakini upande wa Bara serikali ya Mwalimu Nyerere iliiona kuwa anasa ambayo ingepanua pengo kati ya mjini na kijijini, na vituo vya kwanza, ITV kikiwamo, vilianza kurusha matangazo mwaka 1994. Televisheni ya Taifa ilifuata baadaye. Kwa hiyo kipindi cha zilipendwa katika runinga zetu kinakumbuka wakati ambao runinga haikuuona. Kinachokumbukwa hasa ni redio.

Kijana wa leo huenda asiielewe hali ilivyokuwa. Hadi sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 ilipofungua mlango kwa vituo binafsi, Bara ilikuwa na mtangazaji mmoja, Radio Tanzania Dar es Salaam. Bendi zilirekodiwa katika studio zake, na kanda hizo ndizo zilizosikika nchini kote. Santuri zilipatikana kwa taabu, kwa kuwa nyingi zilikuwa zikichapwa Nairobi, na mpaka wa Kenya ulipofungwa mwaka 1977 taabu ikazidi. Katika vijiji vingi vya Handeni redio ilikuwa ya betri, na aliyekuwa nayo alijua kwamba jioni uwanja wake ungejaa. Katika mashamba ya mkonge ya Korogwe, Ngombezi, Magunga na Hale, palikutana wafanyakazi kutoka mikoa ya mbali ambao nyumbani kwao kila mmoja alikuwa na lugha yake. Wimbo wa Kiswahili uliopigwa saa mbili usiku uliwafikia wote kwa wakati mmoja, Mzigua wa Chanika na Mnyamwezi wa kambini, bila hata mmoja kuwa ameuchagua. Nadhani mvuto wa vipindi hivi umejificha hapo. Mtazamaji anapousikia mlio wa gitaa la Morogoro Jazz, anarudishwa katika usikivu ambao alijua kwamba watu wengine wote wanao. Runinga ya leo, yenye vituo visivyohesabika, hukopa ushirika huo kutoka kwa redio moja ya zamani.

Kwa kukosa picha, watayarishaji hufanya wawezavyo. Huonyesha sura za majalada ya santuri, picha mgando za kina Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki mwaka 1979 kabla runinga haijaweza kumpiga picha nyumbani kwake, au huwaita studioni wakongwe waliobaki. Muhidin Maalim Gurumo aliwahi kuonekana hivyo kabla ya kifo chake mwaka 2014. Shakila binti Said, aliyeimba taarab na Black Star na Lucky Star za Tanga, alifariki mwaka 2016. Kila mwaka mashahidi hupungua, na picha hizo za uzeeni ndizo zinazobaki kuwa sura yao katika kumbukumbu ya vijana: sauti ya msichana, uso wa bibi.

Sina ugomvi na hilo. Ugomvi wangu uko katika mkasi. Wimbo wa dansi wa Kitanzania kwa kawaida una sehemu mbili. Ya kwanza ni ya polepole, na humo ndimo mna hadithi, nasaha, fumbo, jina la anayeshtakiwa na la anayesamehewa. Ya pili, ambayo wanamuziki huiita chemko, ni ya kasi, magitaa na tarumbeta vikijibizana, na maneno huwa machache. Runinga hupenda kinachoonekana, na chemko huonekana, kwa kuwa watu huinuka wakacheza. Mara nyingi basi sehemu ya kwanza huzungumziwa juu yake au hukatwa. Kwa mwanaisimu hasara hiyo si ndogo. Katika sehemu ile ya kwanza mna Kiswahili cha barua na cha baraza, misamiati ya heshima kati ya mume na mkwewe, namna ya kulalamika bila kutukana.

Kadhalika na majina. Bendi ya wafanyakazi iliyoundwa mwaka 1964 iliitwa NUTA Jazz, kisha JUWATA, kisha OTTU, na leo ni Msondo Ngoma, kila jina likifuata mabadiliko ya chama cha wafanyakazi kilichoimiliki, hadi lile la mwisho. Msikilizaji aliyetajiwa NUTA tayari amepewa tarehe. Runinga inapoandika Msondo chini ya wimbo wa NUTA inaifuta tarehe hiyo, kama ilivyoifuta Tanga pale mgahawani.

Kuna jambo moja zaidi, nililolikuta Handeni na ambalo bado linanishughulisha. Ngoma ya selo ya Wazigua na mdumange ya Wasambaa zina umri mkubwa kuliko wimbo wowote wa gitaa. Wazee waliocheza dansi siku ya mshahara walicheza hizo pia, wengine usiku uleule. Lakini sijamsikia mtu akiziita zilipendwa. Huitwa ngoma za asili, na katika runinga hupewa kipindi kingine, aghalabu siku za sherehe za taifa, wachezaji wakiwa wamevalishwa sare. Nilimuuliza bibi mmoja, mchezaji wa selo tangu usichana wake, iwapo selo nayo si zilipendwa. Alinitazama kana kwamba nimemkosea adabu. "Mwanangu," akasema, "hizo ni za kwenye redio. Selo tunacheza Jumamosi." Kwake kiambishi -li- kilikuwa bado hakijaigusa ngoma yake, wala hakuona kwa nini mtu wa chuo kikuu atake kukipachika.