Kuuzunguka Msitu wa Amani kwa Miguu

Njia ya mzunguko humrudisha mtembeaji alikoanzia bila kumpitisha mara mbili mahali pamoja. Katika msitu wa milimani, njia ya namna hiyo hupanda kwa upande mmoja na kushuka kwa upande mwingine, hivyo kwa saa chache mtu hupita katika misitu kadhaa inayotofautiana kwa joto, unyevu, udongo na historia. Mahali pazuri pa kuliona hilo ni Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani, katika milima ya Usambara Mashariki, wilayani Muheza, mkoani Tanga. Hifadhi hiyo ya serikali, yenye hekta zipatazo 8,380, ilitangazwa mwaka 1997 na leo iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania.

Usambara Mashariki ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, safu inayoanzia Taita nchini Kenya na kushuka hadi Udzungwa na Mahenge, kusini mwa Tanzania. Upepo wa Bahari ya Hindi hupiga kwenye miteremko hiyo, ukapanda, ukapoa na kuuacha unyevu wake. Amani hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, nyingi wakati wa masika na vuli, na hata miezi ya kiangazi haikosi manyunyu. Bahari iliendelea kuilisha milima hii unyevu hata katika zama ambazo sehemu kubwa ya Afrika ilikauka. Kwa sababu hiyo misitu yake imedumu mamilioni ya miaka, nayo ina mimea na wanyama wengi wasioonekana kwingineko duniani.

Lango la hifadhi liko Sigi, kiasi cha mita 450 juu ya usawa wa bahari, ilhali Amani yenyewe iko karibu mita 900. Kila mita 100 za kupanda hupunguza joto kwa zaidi kidogo ya nusu nyuzi, kwa hiyo anayetoka Sigi hufika juu akiwa ameacha nyuma joto la karibu nyuzi tatu. Huku chini msitu ni wa ukanda wa pwani: mivule na miti mingine mirefu, mashina yamefungwa na mizabibu ya porini, na matawi yamefungamana juu kiasi kwamba mwanga unaofika ardhini ni sehemu ndogo sana, mara nyingi asilimia moja au mbili tu. Miche hukaa gizani miaka mingi bila kurefuka, ikingoja mti mkubwa uanguke na kuachia pengo. Mara kwa mara siafu hukata njia kwa mstari mrefu. Hao huvukwa kwa hatua moja ndefu, bila kusimama.

Juu zaidi, penye vijito, hufaa kusimama mbele ya jabali lililo kivulini na kuliangalia kwa karibu. Ndani ya nyufa zenye kiganja kimoja cha udongo huota mmea mdogo wenye majani manene ya manyoya na maua ya zambarau. Huo ndio Saintpaulia, unaopandwa vyunguni madirishani Ulaya na Marekani. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa utawala wa Kijerumani, aliuona mkoani Tanga akaupeleka Ujerumani, na mwaka uliofuata mtaalamu wa mimea Hermann Wendland akaupa jina. Madirishani umeenea dunia nzima, lakini porini unategemea kivuli cha miti na unyevu wa jiwe. Miti ya juu ikikatwa, jua hulikausha jabali na mmea hufa.

Kwenye ukingo wa juu historia ya binadamu inasomeka wazi. Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha Amani kituo cha utafiti na bustani ya mimea, wakajaribu mimea kutoka pande zote za dunia: mikafuri, mikwinini, mikaratusi. Baadaye sehemu kubwa za msitu wa juu zilivunwa mbao kwa mitambo, hadi miaka ya 1980. Katika mapengo hayo umetawala Maesopsis eminii, mti wa Uganda na Kagera unaojulikana huko kwa jina la musizi. Hukua upesi na hupenda jua. Matunda yake huliwa na hondohondo, na mbegu huangushwa mbali na mti mzazi. Penye kivuli kizito hauoti vizuri, kwa hiyo wingi wake ni alama ya mahali palipowahi kufunguliwa. Mtembeaji anayeutambua huweza kuonyesha kwa kidole msumeno ulipopita, miaka 40 baadaye, na huo ni ujuzi wenye thamani kuliko orodha ndefu ya majina ya ndege.

Kando ya musizi husimama msambu, Allanblackia stuhlmannii, mwenyeji wa milima ya Tanzania peke yake. Tunda lake ni kubwa, la kahawia, hufikia urefu wa sentimita 30, na mbegu zake zina mafuta yanayoganda katika joto la kawaida. Wanavijiji huziokota na kuziuza.

Mwendo wenyewe hukadiriwa kwa kanuni ya Mskochi William Naismith ya mwaka 1892: saa moja kwa kila kilomita 5, na saa nyingine kwa kila mita 600 za kupanda. Mzunguko wa kilomita 10 wenye kupanda mita 450 hutoa saa mbili na dakika 45, ila mizizi, tope na unyevu unaozuia jasho kukauka huongeza muda. Kupanda huchosha pumzi, na kushuka huumiza zaidi. Misuli ya mbele ya paja hubeba uzito huku ikirefuka, nyuzi zake hupata michubuko midogo, na maumivu huja siku ya pili.

Kushuka huko pia ni hatari kwa msitu. Udongo wa Amani umesafishwa na mvua na rutuba yake imebaki katika tabaka la juu, chini ya majani makavu. Njia nzuri hukata mlima kwa kona. Watu wakizikatiza kona hizo kwa kushuka moja kwa moja, majani husagika, mvua hugeuza mkato kuwa mfereji, na udongo huingia vijitoni. Vijito hivyo humiminika katika Mto Zigi, na Zigi hujaza bwawa la Mabayani, linalonywesha jiji la Tanga.