Mlo Unaoanzia Majini

Ukifika katika riokani, nyumba ya wageni ya jadi ya Kijapani, mhudumu hukukaribisha kwa chai, hukuonyesha chumba chako cha mikeka ya tatami, kisha huuliza: chakula cha jioni kiletwe saa kumi na mbili au saa kumi na mbili na nusu? Hakuulizi utakula nini. Msafiri aliyezoea hoteli za kitalii, anayesubiri menyu, huona kama amenyimwa haki yake. Nimeyasikia malalamiko hayo mara nyingi, na napenda kuyajibu hapa, kwa sababu kutochagua huko ndiko kunakolipiwa.

Bei ya riokani kwa desturi hutajwa kwa kichwa, si kwa chumba, na ndani yake mna usiku mmoja na milo miwili. Kwenye nyumba za hadhi ya juu, yeni 50,000 kwa mtu mmoja kwa usiku si jambo la kushangaza. Sehemu ya fedha hiyo huenda jikoni. Mpishi hununua kwa idadi ya wageni, anajua kila mmoja ataketi saa ngapi, na amekwisha kujua pia watakuwa wametoka wapi: majini, kwenye bafu la chemchemi ya moto.

Maji ya kuogea huwa ya nyuzi 40 hadi 42 hivi. Mtu anayetoka humo akiwa na vazi la yukata mwilini (upande wa kushoto ukiwa juu ya wa kulia, maana kinyume chake ndivyo anavyovishwa maiti) jasho bado linamtoka, ana kiu, na tumbo halitaki kitu kizito. Mlo unaoitwa kaiseki humpokea katika hali hiyohiyo. Kwanza huja vitu viwili vitatu vidogo, vya baridi, vyenye ukali kidogo wa siki au chumvi. Kisha supu, samaki mbichi, cha kuchoma, cha kuchemsha, pengine cha mvuke au cha kukaanga. Kila sahani ina namna yake ya upishi, na hakuna namna inayorudiwa bila sababu.

Wajapani wana maneno mawili yanayotamkwa kaiseki. La kwanza huandikwa kwa alama zenye maana ya jiwe la kifuani: inasimuliwa kwamba watawa wa Zen waliweka jiwe la moto kifuani ili kutuliza njaa. Huo ni mlo mdogo wa kabla ya chai, uliokua pamoja na mila za chai za bingwa Sen no Rikyū, aliyefariki mwaka 1591. La pili ni karamu ya watu waliokutana wakanywa sake, pombe ya mchele. Riokani hupika karamu hii ya pili, kwa adabu ya ule mlo wa kwanza. Tofauti moja inamhusu sana mla wali wa kwetu: kwenye mlo wa chai wali huletwa mwanzoni, lakini kwenye karamu huja mwisho, pamoja na supu ya miso na achari, kwa kuwa sake yenyewe ni mchele. Usikae ukiungojea wali ndipo uanze kula. Ukiuona, ujue yamebaki matunda tu.

Sahani ya kuitazama kwa makini ni bakuli la supu. Ni la mbao iliyopakwa laka, lina kifuniko, na mvuke ukishapoa kidogo kifuniko hunasa. Usikivute kwa nguvu. Bana kingo za bakuli taratibu kwa mkono wa kushoto ili hewa ipenye, inua kifuniko kwa mkono wa kulia, kiinamishe matone yarudi bakulini. Harufu hupanda mara moja: ganda la yuzu, ndimu yao, jembamba kama ukucha. Chini yake kuna kipande kimoja cha samaki au uyoga, na mchuzi mwangavu kiasi kwamba unaona rangi ya laka.

Hapo ndipo mpishi anapopimwa. Mchuzi huo ni dashi, nao una vitu viwili tu: mwani mkavu uitwao kombu, ambao kwa sehemu kubwa hutoka Hokkaido, na samaki wa jamii ya jodari aliyechemshwa, akafukizwa moshi na kukaushwa hadi akawa mgumu kama ukuni, kiasi cha kuparwa kwa randa. Mwaka 1908 mkemia Ikeda Kikunae alionyesha kwamba utamu wa kombu unatokana na glutamati, akaiita ladha hiyo umami. Mwanafunzi wake, Kodama Shintaro, akaipata inosinati katika samaki huyo mwaka 1913. Viwili hivyo vikikutana ulimi huonja zaidi ya jumla yake. Tena maji ya Japani kwa kawaida ni laini, yana chokaa kidogo, na hilo husaidia kombu kutoa ladha yake. Kwa hiyo hata supu ni habari ya maji.

Maji ya kuogea nayo yana habari yake. Sheria ya Japani ya 1948 huitambua chemchemi ya moto kwa joto la nyuzi 25 au zaidi inapotoka ardhini, au kwa madini yaliyomo. Madini hayo hutofautiana, kwa hiyo maji ya mji mmoja hayafanani na ya mwingine, na tofauti hiyo hufika mezani. Ureshino, mkoani Saga, maji yana magadi. Mpishi wa kwetu anayetia magadi kwenye maharage atafahamu mara moja kinachotokea: tofu ikipashwa ndani yake hulainika, kingo zinayeyuka, na maji safi yanageuka meupe kama tui. Sijui namna nyingine ya kula chemchemi iliyo wazi kuliko hiyo. Beppu nako, mtaa wa Kannawa, mvuke wa ardhini wenyewe hupika: mboga, mayai na kaa hupangwa kwenye vikapu na kufunikwa.

Kinosaki, karibu na pwani ya Bahari ya Japani, msimu wa kaa huanza tarehe 6 Novemba na kwisha Machi. Kaa dume hufungwa lebo mguuni kuonyesha bandari aliyoshushwa. Riokani nzuri humleta mbichi, wa kuchoma, wa kuchemsha, kisha chunguni, na wali huishia kupikwa ndani ya mchuzi uliobaki. Anayekwenda Agosti akadai kaa huyo anadai kitu ambacho bahari haijatoa.

Hapa nina ugomvi na baadhi ya nyumba. Zamani riokani za milimani zilijivunia kuwapa wageni jodari mbichi aliyesafirishwa kutoka mbali, kwa kuwa ilikuwa ishara ya utajiri, na zipo ambazo bado hazijaacha. Mimi namtaka ayu, samaki wa mto ulio chini ya dirisha, aliyepitishwa kijiti kwa kumpinda ili aonekane anaogelea, mapezi yamepakwa chumvi nyingi yasiungue. Huliwa kichwa hadi mkia, na uchungu wa matumbo yake ndio utamu wake.

Kwa msomaji Mwislamu, au asiyekula samaki, nasisitiza jambo moja: sema siku unapoweka nafasi, si mezani. Mirini, pombe tamu ya kupikia, na sake hutiwa katika michuzi mingi bila kuonekana, na dashi ya samaki imo hata kwenye mboga. Akiambiwa mapema, mpishi mwenye moyo hubuni mlo mwingine kamili. Akiambiwa umeshakaa, atabaki kuondoa tu.

Asubuhi huletwa wali, samaki wa kuchoma, miso, na yai la chemchemi. Kwenye chemchemi za moto za Bogoria, Kenya, na Sempaya, Uganda, wageni huchemsha mayai kwenye maji yanayotokota, nayo huwa magumu yote. La Kijapani hukaa kwenye maji ya nyuzi 65 hadi 70 kwa karibu nusu saa. Kiini huanza kuganda kwenye joto hilo, lakini ute unahitaji joto zaidi ili ushikane wote. Kwa hiyo ukilipasua, kiini kimesimama na ute unatiririka kama uji mwepesi. Hutiwa dashi kidogo, huliwa kwa kijiko, kisha wengi hurudi majini mara moja zaidi kabla ya kukabidhi chumba saa nne.