Je, Kila Tajiri Anautetea Ubepari?



Wengi hudhani kila tajiri anautetea mfumo wa kibepari bila masharti. Sivyo. Mwezi wa Agosti 2011, Warren Buffett, miongoni mwa matajiri wakubwa wa Marekani, aliandika katika gazeti la The New York Times kwamba serikali inawadekeza matajiri. Alijitolea mfano mwenyewe: yeye alilipa kodi ya asilimia 17.4 ya kipato chake kinachotozwa kodi, ilhali wenzake 20 wa ofisini walilipa kwa wastani asilimia 36.

Hata hivyo, hakuukataa ubepari. Mwaka 2010 yeye na Bill Gates walianzisha ahadi ya matajiri kutoa angalau nusu ya mali zao. Lakini ahadi hiyo ni ya hiari, asiyetaka hadaiwi.

Hapo ndipo Uislamu unapotofautiana. Biashara ni halali na faida ni halali, ila mali ni amana. Qaaruun alijigamba kuwa utajiri wake umetokana na elimu yake, Allah (S.W.) akamdidimiza ardhini. Surat al-Hashr, aya ya 7, inatufunza kuwa mali isizunguke baina ya matajiri peke yao. Na Zaka, asilimia 2.5 ya fedha na bidhaa zilizofikia nisabu na kutimiza mwaka, ni haki ya masikini, si hisani ya tajiri.

Basi mwenye duka, kabla hujawalaumu matajiri wa Marekani, hesabu bidhaa zako kwanza.

Wa billahi tawfiq.