Sosi ya kari ya mboga mbichi: bila makala, lakini si bila maji safi

Siku bei ya makala inapanda, mtu wa kwanza kujua si mkubwa wa sendika. Ni mama wa nyumba kule Katuba, Ruashi, Kikula ya Likasi ao Kolwezi. Anaangalia mbabula, anaangalia feza yenye ilibakia ku mushahara, anahesabu: makala ya leo itapika bukari na mboga, ao bukari peke yake? Na umeme ukikatika, hata mwenye rishodi ya umeme anarudi kwa mbabula sawa wengine.

Tunajua kwa nini makala ni bei. Miti ya miombo karibu na miji yetu imekatwa. Watu wa makala wanakwenda mbali, na safari yao tunailipa sisi kwa kila mfuko. Sendika inaweza kuomba mushahara upande, na tunaomba. Lakini kungojea jibu hakushibishi mtoto. Ndiyo maana leo ninaandika juu ya sosi moja yenye haiombe hata kipande cha makala: sosi ya kari ya mboga mbichi. Makala itabakia kwa bukari tu.

Kari ni nini?

Watu wengi wanafikiri kari ni mti mumoja wenye kusagwa. Hapana. Ni muchanganyiko wa viungo vingi: kurkuma (manjano) yenye inatoa ile rangi, mbegu za koriandri, kumini, fenugreki, tangawisi, pilipili. Kule India kila nyumba inasaga viungo vyake kufwatana na chakula cha siku ile. Unga wenye kuchanganywa tayari ni mambo ya biashara: Waingereza walianza kuuuza kwao tangu karne ya 18. Kwetu paketi nyingi zinapita Kasumbalesa, na ku soko banamama wanaupima kwa kijiko kidogo, wanafunga ndani ya kiplastiki.

Kurkuma iko na siri moja: rangi yake haiingie muzuri ndani ya maji, inaingia ndani ya mafuta. Mwenye kutupa kari moja kwa moja ndani ya tomati mbichi anapata sosi ya unga-unga, yenye kukwama ku koo. Kwa sosi ya moto, mafuta ya kukaanga ndiyo inafanya ile kazi. Kwa sosi mbichi, inapashwa kuipa kari mafuta na wakati.

Vya kutafuta, kwa watu 4

Tomati 4 zenye kuiva muzuri. Avoka 1 kubwa. Kama avoka hakuna, vijiko vikubwa 2 vya karanga ya kusaga. Karoti 1. Nusu ya kitunguu. Punje 1 ya kitunguu saumu (ail). Tangawisi kidogo, sawa ncha ya kidole gumba. Ndimu 1. Unga wa kari, vijiko vidogo 2. Mafuta, vijiko vikubwa 2. Chumvi, nusu ya kijiko kidogo. Pilipili, kila mutu na nguvu yake.

Karanga uchague sawasawa mbele ya kusaga. Yenye kuota ukungu, yenye kujikunja ao kuwa nyeusi, tupa. Sumu ya ule ukungu haiishe hata ukiikaanga.

Namna ya kufanya

Kwanza, changanya kari na mafuta ndani ya kikombe, acha dakika 15. Utaona mafuta inageuka rangi ya machungwa. Hapo kari imeanza kazi.

Pili, kata kitunguu kidogo-kidogo, tia chumvi na maji ya nusu ya ndimu, acha dakika 10. Ule ukali wenye kutosha machozi unapunguka.

Tatu, twanga tangawisi na saumu ndani ya kinu. Ongeza tomati zenye kukatwa, twanga tena polepole, hapana kwa hasira, sivyo zitakurukia ku nguo. Mikseri haihitajiki. Karoti uikwaruze na rapi. Kama rapi hakuna, chukua mukebe safi, utoboe na musumari, upande wa inje unakwaruza muzuri.

Ine, ponda avoka na uma, mwanga juu yake nusu ya ndimu yenye ilibakia, juu isigeuke nyeusi mbio. Kama ni karanga, itie na maji safi kidogo mpaka ilainike.

Mwisho, kusanya vyote, tia ile mafuta ya kari, korogea, ngoja dakika 10 ingine mbele ya kuonja. Wengi wanaonja haraka, wanaona haina butamu, wanaongeza chumvi. Ungoje. Kari inatembea polepole ndani ya chakula chenye hakikuona moto.

Mwanga sosi juu ya shu yenye kukatwa nyembamba na konkombre, kula na bukari, na viazi vitamu vya kuchemsha, ao na mukate. Mafuta na avoka si ya butamu tu: mwili unahitaji mafuta kwa kupokea ile vitamini A inayotoka ndani ya karoti. Na vitamini C ya tomati na ndimu, yenye moto unaharibu, inabakia. Lakini tusidanganyane: sosi hii haichukue nafasi ya maharagi ao samaki. Mutu wa kazi ya nguvu anahitaji vyote.

Si kila mboga inaliwa mbichi

Hapa ninaomba masikio. Sombe hailiwe mbichi hata siku moja. Majani ya muhogo iko na sumu ya sianidi. Kuitwanga na kuichemsha wakati murefu ndiyo kunaiondoa. Wazee wetu hawakusoma kimia, lakini walijua. Maharagi mbichi pia ni sumu kwa tumbo. Kiazi cha kizungu chenye kugeuka rangi ya majani, acha. Kwa sosi yetu kamata tomati, karoti, konkombre, shu, avoka, pilipili ya kijani.

Maji

Sisi watu wa Katanga tunajua kolera. Haitupite mbali: inapanda kutoka upande wa maziwa na mito ya kaskazini, inafika mpaka miji ya migodi. Mboga nyingi ya ku soko inanyweshewa na maji ya mito ya ndani ya muji, kule ambako uchafu wa vyoo unashukia. Moto ulikuwa unatukinga bila sisi kujua. Ukiondoa moto, weka kitu kingine pa nafasi yake.

Nawa mikono na sabuni. Osha mboga moja-moja chini ya maji yenye kutiririka, ao badilisha maji ya beseni mara 3, mpaka ya mwisho ikae safi. Kisha iloweke ndani ya maji yenye eau de Javel, ile wengi wanaita Jik, kwa kipimo chenye kuandikwa ku chupa. Kisha suuza na maji ya kunywa. Karoti na konkombre, menya. Shu, tupa majani ya inje. Ndimu ni ya butamu, haichukue nafasi ya Javel.

Na wakati kolera iko ndani ya kartie, sheria ni fupi: pika, chemsha, menya, ao acha. Siku zile shu mbichi ipumzike. Tumia makala yako bila kuhuzunika.

Vumbi

Kuko adui mwingine yenye Javel haiuwe: metali. Cheminée ya Lubumbashi ilianza kuona moto wa shaba mwaka 1911, na udongo wa upande upepo ulikuwa unapeleka moshi wake umejaa metali mpaka leo. Mwaka 2009 watafiti wa Université ya Lubumbashi pamoja na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walitangaza kazi yao: walipima mikojo ya watu wanaokaa karibu na migodi na viwanda vya Katanga, wakakuta kobalti nyingi kupita kwa watu wanaokaa mbali. Na haikuwa ndani ya wafanyakazi tu. Ilikuwa pia ndani ya watoto, wenye hawajakamata hata pelo.

Kuosha kunaondoa vumbi lenye kukaa juu ya jani. Hakuondoe kile muti ulikwisha kunywa kupitia mizizi. Kwa hiyo uliza mama wa soko: mboga hii ilitoka wapi? Bustani ya kando ya kiwanda, ya chini ya barabara ya kamyo za madini, ao ya mutoni yenye maji ya rangi, usiinunue kama unaweza kuchagua. Najua kwamba si kila mutu anaweza. Hapo ndipo mambo ya jikoni inakuwa mambo ya sendika.

Gameli ya ku kazi

Wengi watapenda kubeba sosi hii ku kazi. Musiichanganye nyumbani. Chakula kibichi chenye kukatwa hakipashwe kukaa zaidi ya masaa 2 ndani ya joto, na mutu anayetoka nyumbani mbele ya jua atafungua gameli yake saa sita. Fanya hivi: mafuta na kari ndani ya kichupa kidogo, ndimu nzima, tomati, konkombre na avoka nzima, zenye kuoshwa, ndani ya gameli safi yenye kufungwa. Utakata na kuchanganya saa ya kula. Dakika 5 zinaenea.

Lakini utanawa wapi? Hiyo ndiyo ulizo langu. Katika kampuni moja yenye sitataja, niliona vijana wa kazi ya kukodishwa wanakula wamekaa chini kando ya kamyo, mikono myeusi, vumbi linashuka juu ya bukari. Robine ya karibu ilikuwa upande wa biro, na wao hawakuwa na ruhusa ya kufika pale. Mutu yule, hata mukewe aoshe mboga mara 10, kobalti itaingia na kidole chake mwenyewe.

Wazee wetu wa Union Minière walipokea posho, unga ukipimwa kila juma. Kampuni ile haikuwa mama yetu, lakini ilijua kama musuli unatoka ndani ya sahani. Leo tunapewa feza, na mambo ya sahani yamebakia ya kila mutu. Ila sheria haikunyamaza. Code du travail, sheria 015/2002 ya tarehe 16 oktoba 2002, inamupa mwajiri mzigo wa afya na usalama wa wafanyakazi. Convention 176 ya BIT, ya mwaka 1995, juu ya usalama katika migodi, inasema wazi: sheria za nchi zionyeshe lazima ya kuweka mahali pa kunawa, pa kubadili nguo na pa kula, na pakae safi.

Basi, ndugu delege, ku mukutano wenye kuja na wakubwa wa kampuni, usiombe mushahara peke yake. Omba robine ya maji safi, sabuni, na paa la kulia mbali na vumbi, kwa wafanyakazi wote, wa kontra na wa kukodishwa. Ni kitu cha bei ndogo kupita gurudumu moja la kamyo ya mugodi. Na nyumbani, anza jumamosi hii, kama hakuna kolera ndani ya kartie: tomati 4, avoka 1, kari vijiko 2. Mbabula ikibakia baridi kisha bukari kuiva, makala ile itangojea kesho.