Deni Likifutwa, Pesa Huenda Wapi?



Katika mkutano mmoja tulikuwa tukizungumza juu ya deni la nchi. Mama mmoja akasimama akauliza: "Mimi sikukopa, wala sikutia sahihi popote. Mbona nalipa?" Watu walicheka, lakini swali lake ni zito. Hebu tulitazame polepole.

Deni lilikujaje?

Mwaka 1973 bei ya mafuta ilipanda ghafla. Nchi zenye mafuta ziliweka pesa nyingi katika mabenki ya Ulaya na Marekani, nayo mabenki yakatafuta watu wa kukopesha. Serikali nyingi za Afrika zikakopa kwa riba ndogo. Mikopo mingine ilijenga barabara na mabwawa. Mingine iliishia mifukoni mwa wakubwa. Mobutu alipoondolewa mwaka 1997, aliwaachia watu wa Zaire deni la zaidi ya dola bilioni 10.

Kuanzia mwaka 1979 riba ilipanda sana, na baadaye bei ya kahawa na mazao mengine ikaanguka. Tena deni la nje hulipwa kwa dola. Mwaka 1980 dola moja ilikuwa kama shilingi 7 za Kenya; mwaka 1993 ilipita shilingi 50. Hata kabla ya riba, ni kama kukopa gunia moja la mahindi halafu unadaiwa magunia saba.

Basi mama yule hulipa kila anaponunua sabuni au mafuta ya taa, kwa sababu kodi yake ndiyo hulipa deni. Alilipa pia mwaka 1989, wakati serikali, ikibanwa na wakopeshaji ipunguze matumizi, ilipoanza kutoza wagonjwa hospitalini na kuita jambo hilo kuchangia gharama.

Kufuta deni kulianzaje?

Katika Walawi sura ya 25, mwaka wa 50 ni wa Jubilei: shamba linarudi kwa mwenyewe, na aliyejiuza kwa sababu ya umaskini anaachiliwa. Mwaka 1994 Papa Yohane Paulo wa Pili aliomba Jubilei ya mwaka 2000 iwe nafasi ya kupunguza au kufuta kabisa madeni ya nchi maskini. Mwezi wa Mei 1998 watu kama 70,000 walishikana mikono mjini Birmingham, Uingereza, viongozi wa nchi tajiri walipokuwa wakikutana huko.

Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa walikuwa wameanza mpango wa msamaha mwaka 1996. Ulipanuliwa mwaka 1999, na tena mwaka 2005. Somalia ilipomaliza masharti mwezi wa Desemba 2023, ilikuwa nchi ya 37. Kenya haikusamehewa. Wakopeshaji walipima deni letu na mauzo yetu ya nje, wakasema tunaweza kulipa. Tuliongezewa muda tu.

Waliosamehewa walifanya nini?

Uganda ilikuwa ya kwanza, mwaka 1998. Ilianzisha mfuko maalum ili pesa zilizookolewa ziende kwa elimu ya msingi, maji, afya na barabara za vijijini. Tanzania iliondoa karo ya shule za msingi mwaka 2001, na mwaka huo huo ikamaliza masharti ya msamaha.

Lakini Uganda ilikuwa imejifunza jambo chungu. Pesa za matumizi ya shule za miaka ya 1991 hadi 1995 zilipochunguzwa, ilionekana kwamba katika kila shilingi 100 zilizotolewa, shule zilipata 13 tu! Basi serikali ikaanza kutangaza hesabu magazetini na kuagiza shule zibandike tangazo ukutani. Mzazi akasoma, akauliza.

Sisi je?

Katikati ya mwaka 2024 deni la Kenya lilikuwa limepita shilingi trilioni 10. Kama nusu yake ilikuwa deni la ndani, yaani serikali imekopa mabenki yetu na hata akiba ya uzeeni ya wafanyakazi. Hilo likifutwa ovyo, anayeumia ni jirani yako. Kwa Jubilei ya mwaka 2025, Papa Fransisko aliomba tena nchi tajiri zisamehe. Ni haki kuomba hivyo. Lakini msamaha bila macho ya wananchi ni kama kumwaga maji kwa debe lililotoboka.

Katika kikundi hatukubali mweka hazina afiche kitabu. Na serikali ni vivyo hivyo. Katiba ya mwaka 2010, ibara ya 35, inakupa haki ya kupata habari, na ibara ya 201 inataka wananchi washirikishwe katika mambo ya fedha za umma. Mkisikia kikao cha bajeti ya kaunti, tumeni watu wawili wenye kalamu.

Maswali ya kujadiliana

1. Ni mradi gani hapa kwetu uliojengwa kwa mkopo? Unafanya kazi?
2. Pesa za zahanati yetu zimebandikwa wapi tuzisome?
3. Nani ataenda kuuliza, na ataturudishia jibu lini?