Likizo ya Mtoto Aliyefiwa

Msiba ukitokea huku kwetu Longisa, watoto ndio huondolewa kwanza. Hupelekwa kwa jirani, wakapewa chai na mkate, wakaambiwa mama amesafiri. Wakirudishwa, hema zimeshang'olewa na hakuna anayelitaja jambo hilo tena. Wa miaka minne, ambaye bado hajui kwamba aliyekufa harudi, huendelea kungoja langoni. Aliyeambiwa baba amelala huanza kuuogopa usingizi. Kifungua mimba naye hushikwa bega na ami zake: "Jikaze, wewe ndiye mwanamume wa boma hili sasa." Ana miaka 13.

Muhula ukiwa unaendelea, kengele na mitihani humsaidia kuyasukuma majonzi kando. Likizo humrudisha kwenye kile kiti kitupu. Desemba ndiyo ngumu kupita zote: vijana wanatoka jandoni, nyumba za wenzake zimejaa shangwe, na yeye anajiuliza nani atasimama mahali pa baba yake.

Ndiyo maana naamini likizo ndio wakati wa kuwakusanya watoto hawa kambini. Afrika ina uzoefu wake. Mwishoni mwa miaka ya 1990, UKIMWI ulipokuwa ukiwaacha watoto bila wazazi, Jeshi la Wokovu nchini Zimbabwe liliendesha Kambi ya Masiye katika milima ya Matobo. Yatima walipanda miamba, wakacheza, wakaimba, na katikati ya hayo wakapata nafasi ya kumzungumzia marehemu.

Mchanganyiko huo una sababu. Mwaka 1999 watafiti wawili wa Uholanzi, Margaret Stroebe na Henk Schut, walieleza kwamba mfiwa huenda na kurudi: mara anauelekea msiba, mara anaugeukia uhai unaoendelea, na anahitaji yote mawili. Kwa mtoto mwendo huo ni wa haraka sana. Atalia dakika tano kisha akimbilie mpira, na shangazi atasema hana uchungu. Anao. Amepumzika tu kidogo. Kambi nzuri humruhusu kupumzika hivyo bila kulaumiwa.

Zoezi ninalolipenda zaidi ni Mti wa Maisha, lililokuzwa na mwanasaikolojia wa Zimbabwe, Ncazelo Ncube, akishirikiana na David Denborough wa Australia. Mtoto huchora mti. Mizizi ni ukoo na mahali alikotoka. Shina ni yale anayoyaweza. Matawi ni matumaini yake. Majani ni watu anaowapenda, walio hai na waliokufa pamoja. Jina la nyanya aliyezikwa huandikwa kwenye jani bichi kama majina ya wengine. Kisha karatasi zote hubandikwa ukutani zikawa msitu, na watoto huzungumzia dhoruba zinazoipiga miti na namna inavyozistahimili. Mtoto aliyedhani ni yeye peke yake aliyepigwa huona kumbe wako wengi.

Wako wengi kweli. Tarehe 30 Juni 2023, lori lilipoparamia magari na wachuuzi kwenye makutano ya Londiani, Kericho, watu zaidi ya 50 walifariki. Kifo cha ghafla namna hiyo hakimpi mtoto nafasi hata ya kuaga.

Gharama isitutishe. Shule za bweni hubaki tupu kila Agosti, vitanda na jiko vikiwa palepale. Kinachotakiwa ni mshauri nasaha aliyefunzwa, walimu wanaoaminika, wa kike na wa kiume, afisa wa watoto mwenye habari, na idhini ya mlezi. Nisingemchukua mtoto aliyezikiwa mzazi wiki iliyopita. Huyo bado anahitaji watu wa nyumbani kwake. Na anayesema anataka kumfuata mama yake apelekwe hospitali ya rufaa ya Longisa siku hiyohiyo, asingojeshwe kambi.

Siku tatu au nne za kambi hazimalizi kazi. Huko Nshamba, wilayani Muleba, Kagera, mradi wa Humuliza uliwasaidia vijana yatima kuunda chama chao wenyewe, Vijana Simama Imara, wakakutana, wakaweka akiba na kutembeleana. Hilo ndilo ningelitaka lifuate hapa: watoto waliolala bweni moja Agosti waendelee kukutana kila mwezi, kanisani au shuleni, wakiwa na mtu mzima mmoja anayewajua kwa majina.